Mali mbovu iliyolipiwa kwa M-Pesa: namna ya kuirudisha dukani na kudai pesa zako

Kila baada ya Idi, na kila Januari shule zinapofunguliwa, swali moja hunijia kutoka kwa wasomaji na majirani. Mtu amenunua kitu dukani, amelipa kwa simu, amefika nyumbani akakuta kitu kina kasoro. Sasa auliza: "Je, nipigie simu Safaricom wanirudishie pesa zangu?"

Jibu fupi ni la. M-Pesa ilikuwa njia tu ya kupitishia pesa. Mali uliinunua kwa mwenye duka, na mwenye duka ndiye unayemdai. Mtandao wa simu haujui kama ulinunua pasi, viatu au gunia la mchele, na hauna namna ya kupima kama pasi hiyo inapata moto au la. Jibu hili huwakatisha tamaa wengi, kwani wamezoea kuona simu ikimaliza kila jambo. Lakini ukilielewa mapema, utajua uende wapi, ushike nini mkononi na useme nini. Kwa miaka kadhaa nimewasaidia watu wa mtaani kwangu kuandika barua za malalamiko ya aina hii, na nimeona kwamba wanaofaulu kupata haki yao aghalabu si wale wenye sauti kubwa. Ni wale wenye ushahidi.

Ujumbe wa M-Pesa wathibitisha nini

M-Pesa ilianza nchini Kenya Machi 2007 kama njia ya kutumiana pesa. Huduma ya Lipa na M-Pesa, inayomwezesha mwenye duka kupokea malipo kwa nambari ya biashara, ilikuja mwaka 2013. Leo utaikuta katika maduka ya leso ya Biashara Street, kwa wauza mboga wa Kongowea, kwa wauza samaki na hata kwa anayekuuzia madafu kando ya barabara.

Zamani ulilipa noti ukapewa karatasi iliyoandikwa kwa mkono: blanketi moja, bei kadhaa, tarehe fulani, muhuri wa duka. Siku hizi wengi hutoka dukani na ujumbe wa simu peke yake, wakiamini kwamba huo ndio risiti. Hapo ndipo shida huanzia. Ujumbe ule hutaja kiasi kilichotoka, jina la aliyepokea, tarehe, saa, na kodi ya muamala yenye herufi na tarakimu 10. Hautaji ulinunua nini. Hautaji rangi, saizi, modeli wala dhamana. Ukirudi baada ya siku tatu na blenda iliyokufa, mwenye duka anaweza kukuambia: "Ni kweli ulilipa hapa shilingi 4,500, lakini ulichukua sufuria." Ujumbe wako hauna la kumjibu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: lipa kwa simu ukitaka, lakini usiondoke bila risiti ya duka inayotaja kitu chenyewe. Ikiwa duka ni dogo na halina mashine, mwombe muuzaji aandike kwenye karatasi au kitabu chake: jina la kitu, bei, tarehe, na kodi ya M-Pesa pembeni. Huchukua dakika moja. Karatasi hiyo na ujumbe wako vikishikana, ni vigumu mtu kuvikana.

Njia za kulipa hazilingani

Watu husema "nimelipa kwa M-Pesa" kana kwamba ni njia moja. Kuna njia tano za kawaida, na kila moja hukuacha na nguvu tofauti siku ya kurudisha mali.

Ya kwanza ni nambari ya tili, ile ya Buy Goods. Pesa huingia kwa jina la biashara, na jina hilo hujitokeza kwenye ujumbe wako. Mteja halipi ada. Mwenye duka ndiye hukatwa kiasi kidogo, chini ya shilingi 1 kwa kila 100. Hii ndiyo njia inayomfaa mnunuzi zaidi, maana duka haliwezi kusema halikupokea.

Ya pili ni Paybill. Hapa unaandika nambari ya biashara, kisha nambari ya akaunti. Maduka makubwa ya vyombo na fanicha huitumia sana. Ukiambiwa uandike chochote kwenye nafasi ya akaunti, andika nambari ya ankara yako. Hivyo malipo yako yatajifunga na kitu ulichonunua.

Ya tatu ni Pochi la Biashara, iliyotengenezwa kwa wafanyabiashara wadogo. Pesa za kazi hukaa mbali na pesa binafsi za mwenye biashara, ingawa nambari ni ile ile ya simu yake. Kwa mteja, ujumbe hutaja jina la mtu, kwa hiyo risiti ya karatasi yahitajika zaidi.

Ya nne ni kumtumia mtu pesa kwenye nambari yake ya kawaida. "Tili ina shida leo, tuma kwa hii." Sentensi hii ndiyo iliyoleta nusu ya malalamiko niliyowahi kuyashughulikia. Ukituma hivyo, rekodi yasema umempa fulani pesa. Huenda fulani huyo ni mfanyakazi ambaye mwezi ujao hatakuwepo.

Ya tano ni kutoa pesa kwa nambari ya wakala. Baadhi ya maduka huwa pia ni mawakala, na muuzaji hukwambia "toa tu hapa". Kwenye rekodi zako hilo ni kama umetoa pesa taslimu ukatia mfukoni. Ununuzi haupo kabisa. Ukilipa hivi bila risiti, umejivua ushahidi wote, na zaidi ya hapo umelipa ada ya kutoa.

Mama mmoja wa Likoni anayeuza sharubati alinunua blenda kwa ajili ya biashara yake. Tili ya duka "ilikuwa na shida", akatuma kwa nambari ya kijana aliyekuwa kaunta. Blenda ilikufa siku ya pili. Aliporudi, mwenye duka alifungua taarifa ya tili yake mbele yake na kumwonyesha kwamba siku ile hakuna shilingi 4,500 iliyoingia. Kijana alikuwa ameacha kazi. Mama yule hakuwa mwongo, na yawezekana mwenye duka naye hakuwa mwongo. Lakini riziki ya wiki mbili ilikuwa imekwama katikati yao. Kilichomwokoa ni kipande cha boksi chenye kibandiko cha duka na picha aliyomtumia dadake kwa WhatsApp siku ile ile, blenda ikiwa bado juu ya kaunta. Mwenye duka aliitambua kaunta yake, akakubali kumbadilishia.

Sheria yasemaje

Wengi hudhani kurudisha mali ni hisani ya mwenye duka. Yategemea sababu.

Ikiwa kitu ni kizima ila umebadili nia, yaani rangi haikupendezi au umekiona kwingine kwa bei nafuu, sheria haimlazimishi muuzaji wa dukani kukirudisha. Hapo ndipo hisani na masharti ya duka hutawala. Uliza kabla ya kulipa: "Nikirudisha kesho, mwanibadilishia?" Duka likiahidi, ahadi hiyo ni sehemu ya mapatano yenu.

Lakini ikiwa kitu ni kibovu, au si kile ulichoambiwa, hiyo ni haki yako. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, yampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaostahili, haki ya kupewa habari za kumwezesha kunufaika na bidhaa hizo, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara au madhara kutokana na kasoro.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, sura ya 31, ni ya zamani na bado ina makali. Kifungu chake cha 16 chagusa mambo mawili. Kwanza, ukimweleza muuzaji kazi unayotaka kitu kifanye, nawe ukategemea ujuzi wake, kitu anachokupa chapaswa kuifaa kazi hiyo. Ukisema "nataka pampu ya kuvuta maji ya kisima cha futi 60", akakupa isiyofika hata nusu, kosa ni lake. Pili, mali inayonunuliwa kwa maelezo kutoka kwa anayeuza aina hiyo ya mali yapaswa kuwa ya kiwango cha kuuzika. Lakini tahadhari: ikiwa uliikagua kabla ya kununua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ungepaswa kuifichua. Ndiyo maana nawaambia watu waombe kifaa cha umeme kijaribiwe pale pale dukani, na leso ikunjuliwe jozi nzima itazamwe kabla ya kukatwa. Leso ikishakatwa na kushonwa, umeifanya yako.

Sheria hiyo yasema pia kwamba mnunuzi huhesabiwa amekubali mali ikiwa atakaa nayo kwa muda wa kuridhisha bila kumjulisha muuzaji kwamba ameikataa. Muda huo haukuandikwa ni siku ngapi. Samaki na simu havina muda mmoja. Lakini somo liko wazi: kila siku unayokaa kimya, haki ya kurudisha yapungua. Hata baada ya muda huo kupita, bado unaweza kudai fidia, ila kuirudisha mali na kutaka pesa zote huwa kugumu.

Kisha kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Hii yamchukulia kila muuzaji kuwa ameahidi ubora unaofaa, hata kama hakutamka. Pia, ikiwa ulinunua kwa kudanganywa, mfano umeuziwa kitu kilichotumika ukiambiwa ni kipya, yakuruhusu kuvunja mapatano kwa kumpa muuzaji notisi ndani ya mwaka mmoja.

"Mali ikiuzwa hairudishwi"

Maneno haya yamebandikwa kwenye kuta za maduka kutoka Ukunda hadi Malindi, na kuchapwa chini ya risiti nyingi. Yana nguvu gani?

Kwa aliyebadili nia, yana nguvu. Duka limekuonya, nawe umenunua. Kwa aliyeuziwa kitu kibovu, hayana. Haki zilizo ndani ya Sheria ya Kulinda Watumiaji haziondolewi kwa bango wala kwa sahihi yako. Tena Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, kifungu cha 55, yakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, ikiwemo kuhusu dhamana na haki alizonazo. Kwa hiyo ukionyeshwa bango, usiligombe. Sema kwa upole: "Naliona, bwana. Lakini sikubadili nia. Kitu hiki hakifanyi kazi."

Vipo vitu ambavyo maduka huvikataa kwa sababu ya usafi: chupi, vipodozi vilivyofunguliwa, dawa, chakula. Ni haki yao kukataa ikiwa vilikuwa vizima. Lakini unga uliopita tarehe au maziwa yaliyoharibika kabla ya kufunguliwa ni mali mbovu kama mali nyingine mbovu. Virudishe siku hiyo hiyo.

Hatua za kufuata

Acha kukitumia kitu mara unapogundua kasoro. Usimwite fundi wa mtaani akifungue, kwani duka litasema fundi ndiye aliyekiharibu.

Piga picha na video. Video ya sekunde 20 inayoonyesha feni imechomekwa, swichi imewashwa na feni haizunguki, ina nguvu kuliko maelezo marefu.

Tafuta ujumbe wa M-Pesa. Ikiwa umeufuta au simu imepotea, rekodi haikupotea. Iko kwenye laini yako, na unaweza kuomba taarifa ya miamala kupitia *334# au programu ya M-Pesa. Ikiwa aliyekulipia ni mtu mwingine, mfano kaka aliye Nairobi aliyelipa tili moja kwa moja, mwombe akusambazie ujumbe wake, kwa kuwa rekodi iko kwake.

Rudi dukani upesi, ikiwezekana ndani ya siku moja au mbili. Beba kitu chenyewe, boksi, waya, kadi ya dhamana na risiti. Nenda saa ambazo duka halina msongamano. Mwenye duka aliyezungukwa na wateja kumi hujilinda. Akiwa peke yake husikiliza.

Sema unachotaka. Kuna mambo matatu: kutengenezewa, kubadilishiwa, au kurejeshewa pesa. Ukiingia na lawama bila ombi, utatoka na pole.

Ukiambiwa "njoo kesho", yaandike. Mtumie mwenye duka ujumbe palepale: "Nimefika leo na pasi niliyonunua Jumatatu, kodi ya M-Pesa ni hii, umeniambia nirudi Ijumaa." Asipojibu, bado umemjulisha, na tarehe imebaki.

456 si njia ya kurudisha mali

Safaricom ina utaratibu wa kuomba muamala urudishwe kwa aliyekosea nambari: unausambaza ujumbe wa muamala kwa 456, au unapiga simu kwa huduma za wateja 100. Mtaani tunaita "kurivasi". Utaratibu huu uliwekwa kwa makosa ya kutuma, kama uliyekusudia kumtumia Asha ukatuma kwa Omari. Ukiwa umelipa tili ya duka jingine kwa kukosea tarakimu, au umeandika 15,000 badala ya 1,500, anza kwa mwenye tili ikiwa yuko karibu, kisha omba msaada wa kampuni mara moja kabla pesa hazijatumika.

Lakini kuutumia kwa mali uliyokwisha kuichukua ni jambo jingine kabisa. Wako wanaofikiri ni ujanja: chukua viatu, lipa, fika nje, omba pesa zirudi. Huo ni wizi, na jina lako na nambari yako vimo kwenye kila hatua ya rekodi. Hata mwenye malalamiko ya haki hujiharibia akifanya hivi, kwa sababu sasa ana mali na anadai pesa pia. Tena ombi la kurudisha si amri. Malipo ya biashara hayavutwi nyuma bila biashara yenyewe kuhusishwa, na Pochi la Biashara liliundwa hivyo makusudi, ili muuza viazi asivutiwe pesa zake akiwa amegeuka kukoroga mafuta.

Jambo jingine linalotokea sana ni kulipa mara mbili. Mtandao unachelewa, mhudumu asema "haijaingia", nawe walipa tena kwa noti. Baada ya dakika tano ujumbe unaingia. Kabla ya kulipa mara ya pili, angalia salio lako. Ikiwa pesa zimetoka, mwombe mhudumu asubiri. Ikiwa tayari umelipa mara mbili, mwonyeshe ujumbe papo hapo na asiondoke mtu hadi jambo liandikwe.

Pesa zinavyorudi

Mwenye duka akikubali, bado kuna njia sahihi na njia mbovu ya kurejesha.

Njia nzuri ni pesa kurudi kwa M-Pesa, kwa nambari ile ile iliyolipa. Hapo rekodi mbili zalingana: zilitoka, zikarudi. Mara nyingi mwenye tili haoni nambari yako yote kwenye ujumbe wake, kwa hiyo atakuomba umpe. Mpe, na umwonyeshe ujumbe wa malipo kwenye simu hiyo hiyo. Akikupa noti badala yake, kubali, ila weka sahihi kwenye kitabu chake naye aweke kwenye risiti yako.

Kupokea pesa hakuhitaji PIN yako. Mtu akikupigia akisema ni wa duka, anataka "kukurudishia" na akaomba PIN au akakutaka ubonyeze kitu ukiweke PIN, huyo ni tapeli. Kata simu.

Kuhusu ada, sema mapema. Kutuma pesa kuna gharama, na mwenye duka anaweza kutaka kukukata. Ikiwa umebadili nia na amekuhurumia, ni haki mgawane. Ikiwa mali ilikuwa mbovu, gharama isiwe yako.

Kwa waliolipa kwa Fuliza, kuna jambo la kujua. Fuliza, iliyoanza Januari 2019, hukukopesha pale salio linapopungua, na hutoza ada kila siku hadi umalize deni. Pesa yoyote inayoingia kwenye M-Pesa yako hulipa deni hilo kwanza. Kwa hiyo ukirejeshewa shilingi 3,000 na deni ni 2,800, utaona 200 tu. Duka halikukupunja. Lakini ada ulizolipa siku zile ulizokuwa ukizungushwa "njoo kesho, njoo kesho" hazirudi. Ndiyo sababu nyingine ya kutokawia.

Mali iliyoagizwa kutoka mbali

Wasomaji wetu wa Lamu, Tana River na Taita Taveta hununua vingi kwa simu kutoka Mombasa na Nairobi. Unaona picha, unalipa, kitu kinapakiwa kwenye basi. Kwa Lamu kinashukia Mokowe na kuvuka kwa boti. Kikifika kimevunjika, nani alipie kukirudisha?

Patana kabla ya kulipa. Andika kwenye WhatsApp: "Kikifika kibovu, nauli ya kurudisha ni ya nani?" Jibu lake ndilo mkataba wenu. Hifadhi picha aliyokutumia, kwa kuwa hayo ndiyo maelezo uliyonunulia. Fungua mzigo mbele ya karani wa basi au boti huku mtu akirekodi. Ukikuta kasoro, mjulishe muuzaji siku hiyo hiyo kwamba umeikataa mali. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa haimlazimishi mnunuzi mwenye haki ya kukataa mali aisafirishe yeye mwenyewe. Inatosha kumjulisha muuzaji, isipokuwa kama mlikubaliana vinginevyo. Itunze vizuri mpaka achukue au atume mtu.

Neno kwa wenye maduka

Nimekaa upande wa kaunta pia, najua ulivyo. Wako wateja wanaovaa nguo kwenye harusi Jumamosi na kuileta Jumatatu ikinuka udi. Wako wanaoleta kitu kilichonunuliwa duka la jirani. Kujilinda si vibaya.

Andika masharti yako waziwazi: siku ngapi, kwa vitu gani, kwa risiti. Weka kitabu chenye kodi ya M-Pesa kando ya kila kitu cha zaidi ya bei fulani. Usiruhusu mfanyakazi apokee malipo ya duka kwa nambari yake. Tili ikigoma, subiri au pokea noti. Na usiamini ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu ya mteja peke yake, angalia umeingia kwako. Ikiwa unatoa ankara za eTIMS za KRA, mali ikirudi toa hati inayofuta mauzo yale, usije ukalipia kodi pesa usizobaki nazo.

Tena fikiria hesabu. Pasi moja ya shilingi 1,800 ukiirudisha, unaweza kumdai aliyekuuzia kwa jumla. Mteja uliyemfukuza hudaiwi popote. Amekwenda, na amewaambia mtaa mzima.

Duka likikataa kabisa

Andika barua fupi: tarehe, kitu, bei, kodi ya M-Pesa, kasoro, ulichoomba, na siku unazompa, mathalani siku 7. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri au isainiwe ibaki nawe. Katika uzoefu wangu, kesi nyingi humalizikia hapa, maana barua huonyesha kwamba hutachoka.

Asipojibu, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hushughulikia upotoshaji na ukandamizaji wa watumiaji. Ikiwa bidhaa ni hatari au haina ubora uliowekwa, mfano waya unaoshika moto, wajulishe Shirika la Viwango, KEBS, wenye ofisi hapa Pwani.

Ikiwa unachodai ni pesa zako, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na Mombasa inayo. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya kuuziana mali. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, haibanwi na kanuni kali za ushahidi kama mahakama nyingine, na sheria yaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Picha zako, ujumbe wako wa M-Pesa, risiti na barua yenye muhuri ndiyo mawakili wako.

Kwa shilingi 500 huenda usione maana ya kufika huko, na sikulaumu. Lakini kwa friji ya shilingi 40,000 uliyoiwekea akiba mwaka mzima, au cherehani iliyokuwa iwe kazi ya binti yako, safari hiyo ina maana. Nayo huanza siku ya kununua, pale kaunta, kabla hujabonyeza PIN: soma jina linalojitokeza kwenye simu uone kama ni la duka, kisha nyoosha mkono uombe risiti.